Kwa nini saratani ya umio inaiandama Afrika Mashariki, na chai ya moto inahusikaje?

Mgonjwa huanza kwa kuhisi tonge la ugali limekwama kifuani. Hunywa maji, tonge hushuka, naye huendelea na shughuli zake. Baada ya wiki kadhaa wali nao hugoma kupita, kisha ndizi, kisha uji, na mwishowe hata mate humezwa kwa taabu. Anapofika kwenye hospitali yenye kipimo, aghalabu uvimbe umekwisha kuziba sehemu kubwa ya njia ya chakula, na kilichobaki mikononi mwa madaktari ni kumsaidia ameze, wala si kumponya.

Huo ndio mwendo wa kawaida wa saratani ya umio, ugonjwa ambao madaktari wa Eldoret na Bomet nchini Kenya, wa Moshi nchini Tanzania na wa Blantyre nchini Malawi wanaufahamu kuliko wangependa. Umio ni mrija wa misuli unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Katika mazungumzo ya kila siku wengi huiita "saratani ya koo", na jina hilo huleta mkanganyiko hata katika vyumba vya habari, kwa kuwa koo na umio ni viungo viwili na saratani zake ni mbili tofauti.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani lenye makao yake mjini Lyon, Ufaransa, lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu wapatao 511,000 duniani waligundulika kuwa na saratani hii, na wengine wapatao 445,000 walifariki kwayo. Tarakimu hizo mbili zinakaribiana mno. Kwa saratani nyingine, kama ile ya matiti, pengo kati ya wanaougua na wanaokufa ni kubwa zaidi.

Lakini ugonjwa huu haukusambaa sawasawa. Ukichora ramani yake utaona mikanda miwili mikuu. Wa kwanza unaanzia kaskazini mwa Iran, ukipitia Asia ya Kati, hadi kaskazini mwa China. Wa pili unashuka kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi mashariki mwa Afrika Kusini. Ukitoka nje ya mkanda huo kuelekea Afrika Magharibi, saratani hii huwa nadra. Kwa nini Malawi, na si Ghana? Swali hilo limewasumbua watafiti kwa zaidi ya nusu karne, na majibu yaliyoanza kupatikana katika miaka ya karibuni yamebadilisha hata namna wanasayansi wanavyoeleza chanzo cha saratani kwa jumla.

Mtuhumiwa asiye na nyayo

Saratani ya umio ina aina kuu mbili. Ile iliyoongezeka Ulaya na Marekani hutokea sehemu ya chini ya umio, na huhusishwa na unene pamoja na asidi inayopanda kutoka tumboni. Ya Afrika Mashariki ni nyingine: huzuka katika seli bapa zinazotanda ndani ya umio kama ngozi laini. Kwingineko duniani aina hii huelezwa kirahisi kwa sigara na pombe. Hapa kwetu maelezo hayo hayatoshi. Wapo wanawake wengi wanaougua ilhali hawajawahi kuvuta sigara wala kuonja pombe. Katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, madaktari wameandika kwa miaka mingi kuhusu wagonjwa vijana, wakiwamo walio chini ya miaka 30, umri ambao saratani hii haitarajiwi kabisa.

Kwa hiyo watafiti waliamua kuusaili uvimbe wenyewe. Kila seli ya mwili hubeba DNA, yaani maandishi ya urithi yanayoiongoza seli katika kazi zake. Kemikali za moshi wa sigara huyaharibu maandishi hayo kwa mtindo wake mahususi, na miale ya jua kwa mtindo mwingine, kiasi kwamba mtaalamu anayesoma DNA ya uvimbe wa mapafu au wa ngozi anaweza kusema ni nani aliyepita hapo. Ni kama nyayo za mwizi kwenye udongo wenye umande.

Mradi mkubwa wa kimataifa ulioongozwa na Mike Stratton wa Taasisi ya Wellcome Sanger nchini Uingereza, kwa ushirikiano na IARC, ulikusanya uvimbe wa umio kutoka kwa wagonjwa 552 wa nchi nane: Kenya, Tanzania, Malawi, Iran, China, Japani, Brazil na Uingereza. Baadhi ya maeneo hayo yana ugonjwa huu kwa wingi sana, mengine kwa uchache. DNA yote ya kila uvimbe ilisomwa. Matumaini yalikuwa kwamba uvimbe wa Eldoret au wa Golestan, Iran, ungeonyesha nyayo ambazo hazimo katika ule wa Uingereza, na hivyo mtuhumiwa angetajwa jina.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Genetics. Nyayo hizo hazikuwapo. Maandishi ya DNA yalikuwa yameharibika kwa namna inayofanana karibu kila mahali, pawe na wagonjwa wengi au wachache. Alama hafifu za tumbaku, pombe na afyuni zilionekana kwa baadhi ya wagonjwa, lakini hapakuwa na alama hata moja ya kitu kutoka nje ya mwili iliyoweza kueleza tofauti kubwa kati ya nchi na nchi. Kilichoonekana katika asilimia 88 ya uvimbe ni kazi ya vimeng'enya vya mwili wenyewe viitwavyo APOBEC, ambavyo kwa asili ni askari wa kupambana na virusi.

Aliyesoma kichwa cha habari tu angedhani utafiti umeshindwa. Kwa maoni yangu, hayo yalikuwa miongoni mwa matokeo muhimu kuliko yote ya miaka hiyo, kwa sababu yalilazimisha swali jipya: je, kitu kinaweza kuleta saratani bila kuigusa DNA?

Mbegu na mvua

Swali lenyewe si geni kabisa. Mwaka 1947, Isaac Berenblum na Philippe Shubik, waliokuwa wakifanya kazi Oxford, walipaka ngozi ya panya kemikali ya kuleta saratani mara moja tu, kwa kiasi kidogo. Panya hawakuugua. Kisha waliipaka sehemu ileile mafuta ya mbegu za krotoni, ambayo huwasha na kuchubua ngozi, mara kwa mara kwa wiki nyingi. Hapo uvimbe ukaota. Mafuta hayo peke yake yalikuwa karibu hayana madhara ya namna hiyo. Walihitimisha kuwa kuna hatua mbili: ya kwanza hupanda mbegu, ya pili huinyeshea.

Kwa miongo mingi hatua ya pili ilisahauliwa kiasi, kwani mashine za kusoma DNA zilipoanza kufanya kazi, kila mtu alitafuta mbegu. Iliyoirudisha mbele ya macho ya watafiti ni kazi iliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science. Watafiti wa Cambridge na wa Sanger walichunguza umio usio na ugonjwa wowote kutoka kwa watu tisa wa umri kati ya miaka 20 na 75. Walichokikuta kiliwashtua wengi: kwa watu wa makamo, kati ya asilimia 30 na 80 ya seli za umio uliokuwa mzima kabisa zilibeba mabadiliko katika jeni iitwayo NOTCH1. Zilikuwamo pia seli zenye mabadiliko ya TP53, jeni ambayo huwa imeharibika katika karibu kila uvimbe wa saratani hii.

Kwa maneno mengine, mtu mzima anayekula chakula chake bila shida tayari ana umio uliojaa viraka vya seli zilizobadilika. Wengi wao hawataugua kamwe. Ajabu zaidi, mabadiliko ya NOTCH1 ni mengi katika umio mzima kuliko katika saratani yenyewe, na majaribio kwa panya yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba seli za namna hiyo zinaweza kuusukuma nje uvimbe mchanga na kuuangamiza. Si kila seli iliyobadilika ni adui.

Mfano ulio wazi zaidi wa "mvua" ulitoka kwenye mapafu. Mwaka 2023, kikundi kilichoongozwa na Charles Swanton wa Taasisi ya Francis Crick mjini London kilieleza jinsi hewa chafu inavyosababisha saratani ya mapafu kwa watu wasiovuta sigara. Katika sampuli 295 za mapafu yasiyo na saratani, asilimia 18 zilikuwa na seli chache zenye mabadiliko ya jeni ya EGFR. Seli hizo hulala tu. Vumbi laini la magari na viwanda haliziumbi, huzikuta. Vumbi hilo huamsha seli za kinga, nazo hutoa kemikali ya kuleta uvimbe na joto iitwayo interleukini-1 beta, na kemikali hiyo ndiyo inayoziamsha seli zilizolala. Watafiti walipoizuia kwa dawa katika panya, saratani ilipungua.

Hewa chafu, basi, ni mtuhumiwa asiyeacha nyayo. Na kama yupo mmoja, wanaweza kuwapo wengine.

Kikombe cha Kilimanjaro

Mwaka 2015, watafiti waliofanya kazi kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro walichapisha matokeo ya kipimo ambacho hakikuhitaji mashine za gharama. Walipima kwa kipimajoto jinsi watu 188 wanavyokunywa chai. Kwa wastani, funda la kwanza lilipigwa chai ikiwa na nyuzi joto 70.6. Hicho kilikuwa kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa kwingineko hadi wakati huo. Wanaokunywa chai ya maziwa waliinywa ikiwa ya moto zaidi kuliko wanaokunywa ya rangi, kwa tofauti ya takriban nyuzi 2, hasa kwa sababu chai ya rangi ilipoa kwa kasi maradufu ya ile ya maziwa. Anayejua jinsi chai inavyochemshwa pamoja na maziwa, ikamiminwa moja kwa moja kwenye chupa ya chai na kubaki humo hadi mgeni afike, hatashangazwa na tarakimu hizo.

Mjini Eldoret, uchunguzi uliofanyika kati ya mwaka 2013 na 2018 ulilinganisha wagonjwa 430 wa saratani ya umio na watu 440 wasio na ugonjwa huo. Waliosema kwamba huinywa chai ikiwa "ya moto sana" walikuwa na uwezekano wa kuugua mara 3.7 ukilinganisha na waliosema "ya uvuguvugu". Tafiti dada za Tanzania na Malawi zilielekeza upande huohuo.

Udhaifu wa tafiti za aina hiyo unajulikana: mgonjwa anaulizwa mazoea yake baada ya kuugua, naye anaweza kukumbuka kwa namna inayoathiriwa na maradhi. Ndiyo maana uzito mkubwa zaidi unawekwa kwenye utafiti wa Golestan, kaskazini mwa Iran, ambako watu 50,045 walisajiliwa wakiwa wazima, joto la chai yao likapimwa, kisha wakafuatiliwa kwa miaka mingi. Hadi mwaka 2017, watu 317 kati yao walikuwa wamepata saratani ya umio ya aina hii ya seli bapa. Waliokunywa mililita 700 au zaidi za chai kwa siku, ikiwa na nyuzi 60 au zaidi, walikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 90 kuliko waliokunywa kidogo na iliyopoa. Matokeo hayo yalichapishwa kwa ukamilifu mwaka 2020.

Mwaka 2016, jopo la wataalamu wa IARC liliamua kwamba vinywaji vya moto sana, yaani vinavyonywewa vikiwa zaidi ya nyuzi 65, viwekwe katika kundi la vitu ambavyo "yamkini" husababisha saratani. Nakiri kwamba neno hilo dogo ndilo linalotupa sisi wafasiri kazi kubwa. "Huenda" ni jepesi mno, "bila shaka" ni zito mno. Yamkini: ushahidi upo, kwa binadamu bado una mianya, na kwa wanyama unaelekea upande uleule. Ni muhimu pia kutambua kilichohukumiwa. Si chai. Jopo hilohilo halikukuta ushahidi wa kutosha kuitia hatiani kahawa, wala mate, kinywaji cha Amerika Kusini, ikiwa hakinywewi cha moto sana. Kinachoshukiwa ni joto.

Joto linafanyaje? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba maji ya moto huunguza utando wa umio kidogo kidogo, mwili huutengeneza upya, kesho yake unaunguzwa tena. Kila ukarabati huzitaka seli zigawanyike, na katika mgawanyiko huo zile zilizobadilika tangu zamani hupata nafasi ya kutanuka. Panya waliopewa kemikali ya saratani pamoja na maji ya nyuzi 65 na zaidi walipata uvimbe mwingi kuliko waliopewa kemikali hiyo na maji yaliyopoa. Hapa ndipo DNA "safi" ya mwaka 2021 inapopata maana: anayenyeshea shamba hasajiliwi kwenye mbegu. Ukubwa wa funda nao una uzito, kwa sababu funda dogo hupozwa na mdomo kabla ya kushuka, ilhali funda kubwa hufika umioni na moto wake wote.

Chai haisimami kizimbani peke yake. Pombe za kienyeji, busaa na chang'aa, zina sehemu yake magharibi mwa Kenya, hasa kwa wanaume. Moshi wa kuni ndani ya majiko yaliyofungwa unachunguzwa. Watafiti kutoka Finland walipima mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, na kukuta asetaldehaidi, kemikali ileile ambayo mwili huitengeneza kutokana na pombe. Lakini mursik haiwezi kueleza wagonjwa wa Malawi ambako haijulikani. Afya ya kinywa nayo imejitokeza kwa nguvu isiyotarajiwa: huko Eldoret, wagonjwa walikuwa na meno yaliyooza, yaliyong'oka au yaliyogeuka rangi ya kahawia kwa sababu ya floridi ya maji kwa kiwango kilichowazidi sana wenzao wasio na ugonjwa. Iwapo kosa ni la floridi au la bakteria wanaostawi katika kinywa kisichotunzwa, halijaamuliwa.

Kuuona kabla haujaziba

Kinga hata ikifanikiwa leo, matunda yake yatachukua miaka mingi kuonekana. Kwa waliokwisha kupata viraka vya hatari, tegemeo ni kuvigundua mapema, na hapa kuna habari njema na mbaya kwa pamoja.

Habari njema ni kwamba saratani hii haizuki ghafla. Hutanguliwa na hatua ambayo seli zimeharibika mpangilio lakini hazijapenya ndani, na hatua hiyo inaonekana. Daktari huingiza endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera, kisha hunyunyizia umio maji ya iodini. Seli nzima, zenye akiba ya sukari, hugeuka rangi ya kahawia. Viraka vyenye kasoro hubaki vyeupe. Katika wilaya ya Cixian nchini China, watu wa vijiji vilivyofanyiwa kipimo hiki mara moja tu na kutibiwa walifuatiliwa kwa miaka 10: asilimia 3.35 walifariki kwa saratani ya umio, dhidi ya asilimia 5.05 katika vijiji visivyopimwa.

Watafiti wa Tenwek walifanya kipimo hichohicho kwa wakazi 305 wa eneo la Bomet waliokuwa hawana dalili yoyote, watu waliokuwa wakila ugali wao kama kawaida. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa 44 kati yao, sawa na asilimia 14.4, tayari walikuwa na seli zilizoharibika mpangilio. Wengi wa watu wa namna hiyo hawafikii saratani, lakini hakuna anayeweza kuwataja wanaofikia bila kuwaangalia.

Habari mbaya ni kwamba endoskopi ni ghali, huhitaji mtaalamu, na kanda yetu haina mashine wala madaktari wa kutosha kuwapima watu wazima wa kaunti moja, sembuse nchi. Ndiyo sababu macho yanaelekezwa kwenye kifaa kilichobuniwa na kikundi cha Rebecca Fitzgerald wa Chuo Kikuu cha Cambridge: sifongo ndogo iliyobanwa ndani ya kidonge na kufungwa uzi. Mtu humeza kidonge kwa maji huku ncha ya uzi ikibaki nje. Ganda huyeyuka tumboni, sifongo hufunguka, na baada ya dakika chache muuguzi huivuta, nayo hupanda ikikwangua seli za umio mzima. Hahitajiki daktari bingwa wala chumba cha upasuaji. Nchini Uingereza kinatumika kwa ile aina nyingine ya ugonjwa wa umio, na kimeanza kujaribiwa kaskazini mwa Tanzania ili kuona kama kinaweza kuigundua hii yetu. Kazi ngumu iliyobaki ni ya maabara: kupata kipimo cha bei nafuu kitakachotofautisha, miongoni mwa seli zilizonaswa, viraka vya kawaida vya uzee na vile vinavyoelekea pabaya.

Hadi kipimo hicho kitakapofika kwenye vituo vya afya, dalili ya kwanza inabaki ileile. Chakula kigumu kinachokwama kifuani kwa zaidi ya wiki mbili si cha kusukumiwa maji. Mtu aende hospitali ya rufaa akaombe endoskopi wakati bado anaweza kumeza. Na nyumbani, chai iliyomiminwa kutoka kwenye chupa iachwe kikombeni hadi midomo iweze kuigusa bila kuipuliza.